Mikono Iliyoinuliwa Mwazye

Milanzi, Sumbawanga
12 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Goti lako limeipokeaje baridi ya mwaka huu? Na kifua cha mama? Mimi mzima, cherehani inazunguka, sare za shule zimenijaa hadi kitandani.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Wewe unapanda kilimani kutafuta mtandao, nusu ya kijiji inakuzunguka, na ukishaona watu unaanza kuhutubia. Dereva Evans, atakayekuletea barua hii, ameniambia umesikia kwamba nimechaguliwa katibu wa tawi la chama chetu hapa Milanzi. Eti ulipiga meza ukasema, "Waliberali! Mwanangu kaenda kwa watu wasio na adabu wala Mungu!"

Baba, nisikilize kwanza. Misa naenda kila Jumapili. Mikutanoni nakaa na rafiki yangu Sauda, ambaye akisikia adhana anatuacha palepale katikati ya hoja, na hakuna anayemuuliza. Ndiyo imani yetu sisi waliberali. Mtu ni mtu kabla hajawa wa kabila, wa dini au wa ukoo. Sheria imguse mkubwa kama inavyomgusa mdogo. Aliyelima mahindi ayauze kwa amtakaye. Mtu aseme lake hata likitukera, tumjibu kwa maneno, siyo kwa rungu. Na serikali, hata hiyo ya kijiji unayoiongoza wewe, iwe na mpaka ambao hairuhusiwi kuuvuka.

Sijakuasi. Nimefikiri tu kwa kichwa ulichokisomesha.

Mwanao,
Jovina


Mwazye
3 Juni 2024

Mwanangu Jovina,

Marahaba. Milele na milele, amina. Goti linanitukana kila asubuhi lakini linatembea. Mama yako anakohoa. Yeye anasema ni moshi, mimi nasema ni mawazo juu yako.

Barua nimeisoma. Maneno matamu. Lakini kijiji hakiendeshwi kwa mtu mmoja mmoja. Kijiji ni kama kiganja: kila kidole kikidai uhuru wake, nani atashika jembe?

Nikupe mfano wa juzi. Kundi la ng'ombe liliingia kwenye maharage ya Vitus na jirani zake, likala mpaka mashina. Wachungaji walikuwa wapita njia, wakatokomea kuelekea bondeni. Watu wakawaka. Tukaitisha mkutano mkuu wa kijiji, na uamuzi ukapita kwamba Shigela ahame, yeye na familia na mifugo yake, mavuno yakiisha. Unamkumbuka Shigela, yule Msukuma aliyenunua shamba la marehemu Romani wakati wewe unasoma shule ya msingi hapa. Ng'ombe wale hawakuwa wake, hilo nalijua. Lakini watu wanasema wenye ng'ombe hufuata alipo mwenzao. Mikono iliinuka kama mahindi shambani. Mimi mwenyekiti ningefanya nini? Wengi wape, walisema wazee.

Hebu chama chako kinijibu hilo.

Baba yako,
Urbano


Milanzi
11 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Dawa ya kifua ya mama iko kwa Evans. Anywe yote, asimgawie jirani.

Umeuliza, nakujibu. Wazee walisema wengi wape. Hawakusema wape cha mtu mwingine. Wengi wana haki ya kuamua kisima kichimbwe wapi na nani awe mwenyekiti. Hawana haki ya kunyoosha mikono na kumbandika mtu kosa ambalo hakulitenda, kisha wamtoe kwenye shamba alilolinunua. Kama kosa la Msukuma mmoja ni la Wasukuma wote, basi Mfipa akiiba Mbeya nifungwe mimi hapa Milanzi.

Umeandika kwa mkono wako: "Ng'ombe wale hawakuwa wake, hilo nalijua." Je, ulilisema mkutanoni, baba, au umelisema kwangu tu?

Nililipeleka kwenye chama nikiamini wote tutasimama. Unamjua Kornel wa hapo Mwazye, tunayemwandaa kukupinga kwenye uchaguzi wa Novemba. Akaniambia, "Dada Jovina, kanuni tunazo, ila kura za Mwazye ziko kwenye mikono hiyohiyo. Tushinde kwanza, ndipo tumtetee Shigela."

Nikamuuliza, "Atakuwa anaishi wapi wakati huo?"

Baadhi wakacheka. Viongozi wa juu yangu wamenikataza kulitamka jambo hili nje ya ofisi.

Nalitamka. Mkutano wenu wa mwisho wa mwezi nitakuwepo. Mkinipa nafasi nitasema, msiponipa nitasema.

Mwanao,
Jovina


Mwazye
2 Julai 2024

Jovina,

Mama yako anakusalimu, kifua kimepungua. Salamu zangu utazipata hasira ikipoa.

Mkutanoni nilikuambia mbele ya watu, "Wewe si mkazi wa hapa, kaa chini." Ukapanda juu ya dawati la shule! Mtoto wangu, juu ya dawati, mbele ya wazee! Ukawauliza, "Aliyemwona Shigela na ng'ombe wale anyooshe mkono." Nilitamani hata mmoja anyooshe aniokoe na aibu. Hakuna. Walikuzomea tu. Vitus alipokurushia bonge la tope nikafunga mkutano. Usidhani niliufunga kwa ajili yako.

Umenivunjia heshima. Usikanyage Mwazye mpaka nikuite.

Baba yako,
Urbano


Milanzi
9 Julai 2024

Baba,

Shikamoo, hata kama huitikii. Mimi mzima. Tope la Vitus limegoma kutoka kwenye gauni, nimelivaa hivyohivyo kwenye kikao cha chama.

Kornel alinitangulia na habari. Wamenivua ukatibu. Walitaka nitamke kwamba nilikwenda Mwazye kama binti wa Urbano, siyo kama mwanachama. Nimekataa. Sauda peke yake alisimama nami. Kadi yangu sirudishi. Imani ile si mali ya Kornel, na haifi kwa sababu yeye ameitupa. Nitakaa humohumo ndani niiseme mpaka waikumbuke au wanitoe.

Unasema heshima. Heshima niliyofundishwa nyumbani kwako ni kutomsingizia mtu. Sijui nyingine.

Nakuomba neno moja. Siku watakapokwenda kwa Shigela, usitume mtu. Nenda mwenyewe ukaone uamuzi wenu ukitembea.

Mwanao,
Jovina


Mwazye
18 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako mzima, amerudi kwenye kwaya na anatusumbua na sauti ya kwanza nyumba nzima. Goti usiliulize.

Nilikwenda. Shigela alikuwa amewaweka mke na watoto ndani, yeye kasimama mlangoni, mikono kifuani. Hakuomba wala hakutukana. Vijana walikuwa wameshapanda juu ya nyumba kung'oa bati. Pembeni nikamkuta Vitus anapima shamba kwa kamba.

"Vitus," nikasema, "wewe uliliwa maharage. Kamba ya nini?"

"Mwenyekiti, tunagawana mapema kabla wengine hawajatuwahi. Kipande chako tumekiacha kule mtoni. Wewe gonga muhuri tu."

Jovina, nilidhani naongoza watu wenye hasira. Kumbe hasira ilikwisha zamani, iliyobaki ni tamaa ya ardhi. Na walikuwa wamenihesabu mimi humo.

Nikauficha muhuri mfukoni, nikaenda kuketi kizingitini kwa Shigela.

"Sigongi," nikasema.

"Wengi tumeamua!" Vitus akapiga kelele.

"Haya, wengi nipiteni."

Wakasita. Siyo kwa heshima, usijidanganye. Kila mmoja alimtazama mwenzake aanze. Wakiwa kundi walikuwa simba, lakini hakuna aliyetaka kuwa yule mmoja atakayemkanyaga mzee. Vijana wakashuka kutoka kwenye bati, mmoja baada ya mwingine.

Wiki ile wakaitisha mkutano, wakanivua uenyekiti. Mikono ileile. Nimewapa muhuri wao, hiyo ni haki yao kama ulivyoandika. Shamba si haki yao. Nikafuatana na Shigela mpaka wilayani, tukaambiwa mwenye madai alete ushahidi. Hakuna aliyeleta. Shigela yupo kwake.

Usinitumie kadi. Chama chako bado sikitaki, na huyo Kornel nitampinga nyumba kwa nyumba. Wewe njoo, chumba chako kimefagiliwa.

Vitus anakaimu uenyekiti sasa. Ametangaza kwamba atakayekwenda kumsaidia Shigela kupura alizeti ahesabiwe kuwa adui wa kijiji. Mimi na mama yako tunakwenda Jumamosi, mchana kweupe, kwa njia inayopita mbele ya ofisi yake. Atakayetaka kutuzomea na azomee, ila atoke kwenye kundi kwanza, ataje na jina lake.

Baba yako,
Urbano