Pikapu Yangu Haina Tena pa Kuchomelea

Mpendwa Doña Otilia wa safu ya ushauri, nisaidie kabla sijajiaibisha mbele ya mji mzima wa San Ignacio. Nilifiwa na mke miaka mingi iliyopita, kazi yangu ni kubeba jibini ya mbuzi kwa pikapu kutoka mashamba ya milimani hadi barabara ya lami, na mwaka huu mawe ya kule yalinipasulia vishikio vya shokapu za mbele, chesisi ikawa inalia kama mlango mbovu, nikaipeleka kwa Hermelinda Arce, yule mwanamke aliyerithi karakana ya baba yake, na balaa langu likaanzia hapo.

Ungemwona akifanya kazi, Doña! Alichomoa waya za betri, akausaga ule ufa mpaka chuma kikang'aa, akatoboa kitundu pale ulipoishia ili usitambae, kisha akakata vipande vya pembe tatu vya kutia nguvu, akawa anavichomelea kidogo huku, kidogo kule, nami nikamuuliza mbona hamalizi upande mmoja, akainua kinyago cha kuchomelea akasema, "Chuma ni kama wewe, Don Críspulo, kikipashwa upande mmoja kinapinda." Nilicheka peke yangu njia nzima.

Kisha kimbunga kikabomoa barabara ya milimani, na binti wa jirani akashikwa na uchungu wa kuzaa, nikamshusha kwa pikapu mama yake akimkumbatia, gurudumu la mbele likatumbukia shimoni kwa kishindo hata nikasema tumekwisha, lakini vile vipande havikutikisika, na mtoto akazaliwa hospitalini akipiga kelele kama mwanambuzi. Nililala chini ya gari nikapapasa ule mshono wa chuma kama mtu anayepapasa shavu.

Nilikwenda kumsimulia Hermelinda, lakini nilipomwona nikaishia kusema springi za nyuma zinalia. Tangu hapo amenichomelea springi, bampa, hata kiti, na kila safari nabeba jibini na tortila, chapati za mahindi, tunakula pamoja. Juzi alizunguka gari akiligonga kwa nyundo, akasema, "Limeshiba hili. Ukiongeza chuma utakuwa unabeba chuma, si jibini. Usiniletee tena." Rafiki yangu Fidencio ananicheka: "Umefukuzwa, mzee!" Sasa nawaza kuipasua chesisi kwa nyundo, kwa mkono wangu. Nifanye nini?

— Críspulo

Don Críspulo, weka hiyo nyundo chini! Mtu mzima unataka kuvunja kazi iliyookoa roho mbili ili upate kisa cha kusalimia? Aibu!

Pole kwa upweke, nakuelewa. Na jicho unalo, maana wengi humwona fundi mikono yake myeusi tu, wewe umeona akili yake. Lakini masikio yako yana kutu. Alichokataza ni gari. Kuna mahali alipokukataza wewe? Mwenye tamaa angekuchomelea mpaka vioo. Huyu amekuambia ukweli, na jibini yako anaila.

Kinachoniudhi ni kwamba habari ya yule mtoto unanisimulia mimi, na aliyeshona kile chuma hajui! Fundi hulipwa, gari likaondoka, nani humrudia kumwambia lilifika wapi? Hiyo ni haki yake, hata kama hatakupenda.

Basi sikia. Jumapili, misa ikiisha, nyoa ndevu, vaa shati safi, nenda kwake kwa miguu. Anza na mtoto, usiruke hata lile shimo. Kisha sema la moyoni kwa sentensi moja, unyamaze. Akikataa, mshukuru uende zako, na usimzungukezunguke. Fidencio abaki nyumbani.

Na akichungulia nje akuulize pikapu ina nini tena, mjibu: "Pikapu ni nzima. Nimekuja mimi."