Kitita Kilichoshonwa Kichwa Chini

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya lolote niambie goti lako linaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua bado unaipaka au umeshaigawa kwa majirani kama ile ya mwaka juzi. Sisi huku wazima, ukiacha uchovu, na uchovu wenyewe sina hakika kama ni ugonjwa au ni umri. Miezi minne sikukuandikia. Najua umenuna, na haki unayo.

Wifi yako anakusalimu. Kazi yake inakwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Chuo cha ukunga kizima kiko chini yake, ana ofisi yenye ufunguo wake mwenyewe, na wanafunzi wamembandika jina la Mama Taratibu, kwa sababu wakianza kukimbizana wodini huwaambia taratibu jamani, hakuna mtoto aliyewahi kubaki tumboni.

Tunakaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Dirisha la jikoni linatazama ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi kwamba ningeweza kuupaka rangi bila kutoka ndani. Ngazi ni arobaini na nane. Nimezihesabu kwa sababu kwa miezi mingi kuzipanda na kuzishuka ndiyo shughuli pekee niliyokuwa nayo.

Makubaliano unayakumbuka, maana yalifanyika mezani kwako na shahidi ulikuwa wewe. Wifi yako alikingoja cheo hiki miaka ishirini na miwili, akipitwa na watu aliowafundisha mwenyewe, na kilipokuja kikaja katika mji huu. Nikakubali kumfuata kwa sharti moja: mwaka ukiisha sijapata kazi ya mikono yangu, tunarudi wote wawili bila lawama. Yeye akasema sawa. Wewe ukasema hujawahi kuona mwanamume wa miaka hamsini na tisa anayeweka masharti kama bibi harusi. Mwaka wenyewe unaisha mwezi ujao.

Kazi nimeitafuta, dada. Asubuhi nilivaa shati la kola, nikatia vyeti kwenye bahasha ya kaki, nikaibana kwapani, nikashuka. Mlinzi wa lango la kwanza aliniambia mafao ya wastaafu yanashughulikiwa jengo la pili. Wa lango la pili aliniuliza kama namtafuta mwanangu. Mahali pengine binti wa mapokezi alikisoma cheti changu hadi mwisho, akauliza kujalidi vitabu ni kufanya nini hasa. Nikamweleza: ni kukunja kurasa, kuzipanga vitita, kuvishona kwa uzi uliopakwa nta, kisha gundi na jalada, ili kitabu kidumu kuliko msomaji. Akanijibu, kwa upole kabisa, kwamba siku hizi mashine inabandika tu, babu, na watu wenyewe hawasomi mara mbili. Nikairudisha bahasha kwapani, nikaondoka.

Baadaye maktaba ya chuo kikuu hawakunichukua. Nafasi ilikuwa imejaa. Na mwenye kiwanda cha uchapaji tulishindwana, alitaka nitumie gundi ambayo mimi nisingebandikia hata tangazo. Mahakamani, ambako masjala imejaa madaftari ya kesi yanayosambaratika, nilipewa jaribio nikashindwa. Kila niliporudi, wifi yako aliichukua bahasha kwapani mwangu, akanimiminia chai, akasema bado tuna siku.

Jana alasiri alirudi akaketi na viatu vyake miguuni, jambo ambalo halifanyi. Akasema ameandika barua ya kuacha kazi na Jumatatu ataikabidhi. Hawezi tena kuniona nikizipanda ngazi hizi na bahasha ile ile. Alisema amenitoa mahali watu waliponijua kwa fani yangu, akanileta ninakoitwa babu na watoto wa mapokezi. Ukubwa ameuonja, basi inatosha. Wakunga walizalisha kabla yake na watazalisha baada yake. Hapo akacheka, ila kicheko chenyewe hakikufika mbali. Kisha akanipa barua niipitie, kwa vile mimi ndiye mtu wa vitabu, asije akaaibika mbele ya wakubwa.

Nikaipitia. Nikanyoosha sentensi mbili, nikaongeza mikato mitatu. Nikasema iko vizuri.

Dada, rudi juu kidogo, pale nilipokueleza habari za maktaba, kiwanda na mahakama. Hayo nimekuandikia kama nilivyomsimulia yeye, neno kwa neno, na karatasi sikuichana, ili ujionee nilivyobobea. Sasa nikuandikie yalivyokuwa.

Maktaba walinichukua. Waliniambia nianze Jumatatu, nikasema nina safari. Mwenye kiwanda hakunilazimisha gundi yoyote. Nilimtafutia ugomvi mpaka nikaupata. Mahakamani walinipa daftari moja bovu nilishone upya. Nilishona vitita kumi na kimoja sawasawa, na kimoja, cha saba, nikakishona kichwa chini kwa makusudi.

Mkuu wa masjala pale ni mama mtu mzima mwenye miwani minene, na marehemu baba yake alikuwa mjalidi. Alilipekua daftari bila haraka. Akaniambia asiyeijua kazi hukosea kila mahali, lakini hapa mishono imenyooka kama mstari wa rula, na kosa ni moja tu, tena katikati, ambako mkaguzi hawezi kulikosa. Akavua miwani. Akasema mzee mwenzangu, kazi unaijua, usichokijua ni kama unaitaka. Kiti hiki sitampa mtu mpaka mwisho wa mwezi. Nenda kagombane na nafsi yako, ukimaliza urudi.

Sababu ya kuzikataa kazi hizo ni wewe tu unayeweza kuielewa. Siku tulipotolewa kwetu nilikuwa na miaka mitano, wewe kumi na miwili, sufuria kichwani na mimi mgongoni. Pale tulipofika tulipafanya kwetu kwa taabu, na nilipopata akili nikajiapia kwamba kuhama mara moja kunatosha kwa mtu mmoja. Nikipata kazi huku, nimehamia. Nisipopata, niko safarini tu. Nilingoja mwaka uishe ili nisilazimike kumwambia mke wangu kwamba sitaki kukaa. Nilitaka mji umkatalie kwa niaba yangu.

Naacha hapa kidogo. Nasikia ufunguo, anatoka sokoni.

Nimemwambia. Alisikiliza yote amesimama, kikapu mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza kama ile mikato nayo ilikuwa sehemu ya mchezo. Nikasema hapana, ile ilihitajika. Halikuwa jibu la kutoa wakati ule.

Aliingia chumbani, akatoka na barua, akaichana vipande vinne, akavitia kwenye pipa. Akasema hawaachi wanafunzi wake kwa ajili ya mtu aliyepata kazi tatu. Halafu akasema neno ambalo nitakaa nalo muda mrefu: kwamba siku ile mezani kwako ningesema naogopa, angekuja peke yake au angebaki nami, lakini angeamua yeye, akijua. Badala yake nimemwacha aandike kwa mkono wake kile nilichokitaka mimi, tena nikamsahihishia.

Jioni alipika. Sahani yangu aliniwekea mezani. Yake alikula amesimama dirishani, akitazama ule ukuta.

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pa masjala. Usidhani nimesamehewa, sijasamehewa, na ukipiga simu mwombe yeye kwanza, wala usinitetee. Ninakwenda kwa sababu mke wangu ni mtu wa mji huu sasa, na mimi ni mume wake, akinitaka au akiwa bado anafikiri.

Ombi langu ni moja. Kile chumba chetu unachokifagia kila wiki ukitusubiri, mpe yule mwalimu mjane uliyesema hana pa kukaa. Kitanda mwachie. Vitabu vyangu vitie kwenye masanduku, na ukipata mtu anayekuja huku, umpe anibebee.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Gundi