Ng'ombe wa Babu Wamevuka

Amani wangu,

Nakusalimu kutoka Ndosho. Babu yako ana nguvu, kuku ameangua vifaranga, na mimi shangazi yako nimepata diplôme ya kumaliza shule.

Umeuliza nilifanyaje hata mchezo wa babu ukafunguka kwenye kompyuta mpya. Unajua alivyoupenda. Humo alifuga ng'ombe, akawapa majina ya wale aliowaacha kule kijijini Masisi. Kompyuta ya zamani ilipoanza kuzimika ovyo, tulinunua nyingine sokoni Birere, lakini mchezo ukakataa kufunguka.

"Muzee, hii game imezeeka," fundi wa dukani akasema. "Nikuwekee ingine."

"Ngombe si chemise ya kuvua na kubadilisha," babu akajibu.

Niliona haya kusema pale kwamba nitajaribu. Nyumbani nikafungua "Propriétés", yaani sifa za mchezo, kisha "Compatibilité", yaani upatanifu, nikaiambia kompyuta iupokee kama zile za zamani. Ukafunguka! Nadhani kipya hakikatai cha zamani kwa ubaya. Hakijaambiwa tu namna ya kukipokea.

Lakini malisho yalikuwa matupu. Ndipo nikakumbuka kwamba ng'ombe wana faili yao. Nikawasha ile kompyuta ya zamani, nikainakili faili hiyo kwenye clé USB kabla kompyuta haijazimika.

Nikaiweka kwenye kompyuta mpya, wakatokea wote. Babu akawaita kwa majina, kisha akawaita majirani: "Mukuje muone! Munajua nani amevusha ngombe zangu?"

Amani, mimi ninayejibu watu kwa kunong'ona, nilisema hadi wa barabarani wakasikia: "Ni miye, Papa!"

Shangazi yako,
Neema