Jembe Nyuma ya Goli

Papa Devota,

Nilitaka kukuandikia tangu wiki tuliyokuzika, lakini kila nilipoanza nilianza kwa uongo, nikachana. Leo najaribu tena. Ukiona maandishi yamepinda, ni mkono wangu tu, sijalewa.

Mechi ya kwanza bila wewe tulifungwa manne. Hapa hapa Baraka, mbele ya watu wetu! Nilisimama pembeni na nguo zangu za kocha, nikageuka kutazama nyuma ya goli kama kawaida, na jembe lako halikuwapo. Miaka yote ile ulitoka shambani moja kwa moja, ukasimama nyuma ya kamba. Ukiinua jembe, mimi napiga kelele: pandeni! Ukililaza begani: rudini! Makofi nilipigiwa mimi. Wewe walikuita mukimbizi anayependa mpira.

Siku hiyo sikujua niwaambie wapande au warudi. Baadaye kapteni akanivuta kando kwa upole. "Kocha, usione haya. Siku zote shiye wachezaji tulikuwa tunaangalia jembe." Nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya wachezaji wangu. Wachezaji wako.

Unakumbuka ilivyoanza. Komite ya ligi ilikataa jina lako: "Murundi hawezi kuongoza batoto ba hapa." Ukaniambia, "Andika jina yako, mwana wa Ubwari. Mpira haujui kusoma." Ukacheka, nami nikacheka, maana ilinifaa. Nisamehe kicheko kile. Ulilima nasi, ukazika wafu wetu, na kwenye karatasi ya mechi hukuwahi kuwamo hata mara moja.

Sasa sikia. Mwezi uliopita komite iliniita ili inipe timu ya Fizi nzima. Unajua nilivyokitamani kiti kile. Koti jipya lilikuwa limekunjwa juu ya meza, tayari. Nikasema siwezi, nikawaeleza yote, mpaka jembe. Mwenyekiti alidhani namtania. Alipoona sitanii akakasirika: "We unatutia haya!" Nikamjibu kwamba haya ni yetu sote, na ya kwanza ni yangu. Timu ya Fizi wakampa mwingine. Iliniuma, Papa, sikufichi. Nilirudi nyumbani kwa njia ya ziwani nisikutane na mtu.

Ila na benchi letu nililiacha, timu yetu ikabaki bila kocha, na wachezaji walimtaka Devota. Mwanao alisimama nawe kwenye kamba ile tangu akiwa shule ya msingi, anaiona nafasi kabla mpira haujafika. Komite ikashangaa: "Mukimbizi, tena mwanamuke?" Basi Jumapili wachezaji wakavua viatu, wakaketi katikati ya uwanja. Mwamuzi akatazama saa. Wapinzani wetu, ndugu zangu waliokuja kwa boti kutoka Ubwari, walichoka kungoja, wakaanza kupiga kelele: "Mumuandike basi! Tunataka kucheza!"

Mwamuzi akanipa kalamu. Kocha: Devota. Niliandika polepole, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Jina liliposomwa kwenye kipaza sauti, mama mmoja muuza samaki akasema nyuma yangu, "Ah, basi hata baba yake bamemusoma." Nikashindwa kugeuka.

Devota akaketi kwenye benchi. Mimi nikaenda kusimama pale pako. Tulitoka sare, bao moja kwa moja, na bao letu lilikuwa zuri, ungelipenda. Ulisema kweli, nyuma ya goli uwanja wote unaonekana vizuri. Ila kitu kimoja hukuniambia, Papa. Makofi hayafiki pale. Yanaishia kwenye benchi.

Komite imesema Devota aliruhusiwa mechi ile moja tu. Jumapili ijayo nitaliandika jina lake tena, wakilifuta nitaliandika tena. Na kwenye kamba nitasimama mimi. Mwanao abaki kule makofi yanakofika.

Pumzika sasa, Papa Devota.

Mimi wako,
mwana wa Ubwari