Maneno ya Mzee Fidelis Niliyoyafunika kwa Maua

Mama Sofia, shikamoo. Nisaidie mama yangu, maana baraza la kata linakaa wiki ijayo na mimi ndiye niliyeshika kamera.

Mimi ni msichana wa Nachingwea, nina studio ndogo ya video za harusi karibu na soko, napiga mwenyewe na kuunganisha mwenyewe kwenye kompyuta, na watu wananijia hata kutoka Ruangwa kwa sababu ya ile mipito, yaani namna picha moja inavyoingia kwenye nyingine, maana wenzangu wanatumia iliyokuja na programu, kurasa kufunguka na mioyo kuruka, lakini mimi naitengeneza upya, nairefusha, naichelewesha, nachagua rangi na mahali itakapoanzia, mpaka mtazamaji hajui kipande kimoja kimeishia wapi.

Mwaka jana nilipiga harusi ya Lusiana kule kwao Chinongwe, wilayani Ruangwa, ni dada yake mchumba wangu Jonasi, baba mmoja mama mbalimbali, na wakati wa zawadi baba yao, mzee Fidelis, alisimama akainua mkono akasema, "Mikorosho yangu ya Nandagala nampa Lusiana. Nyote mmesikia." Ngoma ilikuwa imeshaanza upande wa pili, waliosikia ni wachache wa mbele, lakini kamera yangu ilikuwa karibu naye na maneno yote yaliingia. Kabla sijamaliza kazi ile mzee akaugua ghafla akafariki, na baada ya arobaini Jonasi akaja studio, akafunga mlango, akaniambia niyatoe maneno yale, kwamba mzee alikuwa ameshakunywa, na kwamba sisi tukioana tutajenga wapi kama si Nandagala.

Mama, niliyatoa. Lakini nilipokata, mkono wa mzee uliokuwa juu ukawa chini ghafla, mtu yeyote angeshtuka, basi nikatengeneza mpito wa maua, yanafunguka polepole kuanzia pale mdomoni pake mpaka yanajaza kioo kizima, nikapandisha sauti ya ngoma, na maua yakijifunga unamwona mzee anakaa kwenye kiti watu wanapiga makofi, na nikuambie ukweli, nilipomaliza nilijiona fundi.

Lusiana alipokuja kuchukua CD yake tukaitazama pamoja. Pale kwenye maua akaniomba nirudishe nyuma, nikarudisha, akaomba tena. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Wifi, baba hapa alisema neno. Limekwenda wapi?"

Nikamjibu kwamba betri ilikuwa inaisha. Akanishukuru, akasema angalau amemwona baba yake akicheka, akaondoka.

Sasa amepeleka madai barazani, na wazee waliokaa mbele siku ile wamegawanyika, wengine wanasema mzee alitoa shamba, wengine wanasema alitoa mavuno ya msimu mmoja tu, na baraza limeniita. Mkanda wenyewe bado ninao, haujakatwa kitu, Jonasi anautaka auchome, kila siku anakuja, hapigi kelele, anakaa tu mlangoni. Matangazo ya ndoa yetu yamekwisha kusomwa kanisani. Nikisema, nimempoteza mume, nikinyamaza, sijui nitamtazamaje Lusiana. Nifanye nini?

Dorotea, Nachingwea

MAMA SOFIA ANAJIBU

Dorotea, majina nimeyabadilisha, lakini ukweli sikubadilishii. Pole. Umebanwa na mtu unayempenda, na hilo linauma. Ila umenieleza kwa kirefu jinsi ulivyoyafungua maua yale, na uongo wa betri umeupa sentensi moja tu. Jonasi alikuambia mtajenga Nandagala, kwa hiyo na wewe ulikuwa na fungu lako humo. Barazani watakuuliza. Waambie kabla hawajakuuliza.

Unasema utampoteza mume. Mume yupi? Hujaolewa. Baba yake alisema neno mbele ya watu, naye anataka lichomwe. Siku utakayosema wewe neno asilolipenda, atalifanyaje?

Kama maneno ya harusini yanatosha kumpa mtu shamba, mimi sijui. Huenda ukoo nao una haki yake. Hiyo ni kazi ya baraza. Kazi yako ni kupeleka alichosema mzee, chote, bila ua hata moja.

Anza na Lusiana. Usitume mtu. Mwambie kwa mdomo wako, na akikutukana, pokea. Mwonyeshe kipande kizima. Tengeneza nakala, kisha mkanda wenyewe mkabidhi katibu wa baraza mbele ya mashahidi. Padri aambiwe ndoa isimame kwanza. Jonasi mwambie mwisho kabisa, mkanda ukiwa umeshatoka mikononi mwako, na usiwe naye peke yako.

Nilitaka kukuambia haya kwa sauti, nikapiga namba uliyoniandikia. Akapokea mwanamume, akaniuliza mimi ni nani na namtakia nini Dorotea. Nikasema nimekosea namba. Ndiyo maana jibu hili limekujia kwanza kwa mkono wa parokia, gazetini litatoka baadaye. Usiingoje wiki ijayo. Ukifika hapa, acha kusoma, chukua mkanda, panda gari la Ruangwa.