Mkono Niliouficha kwa Sweta

Jumanne

Saratani haijarudi. Wacha niandike hilo kwanza.

Tangu nitolewe titi, mkono wa kushoto umekuwa ukivimba, nami nauficha kwa sweta hata kwa jua hili la hapa kwetu Tulia. Kina mama wa kanisa niliwaambia ni baridi. Mutua, mume wangu, sikumwambia kitu. Niliogopa kwamba…

Leo kliniki, nesi alipima mikono yote miwili kwa futi ya fundi wa nguo. Akabonyeza ngozi, kidole kikaacha shimo. Nikamuuliza, "Imerudi?"

"Hapana, mama. Daktari ameona vipimo viko sawa. Haya ni maji yamekosa njia, kwa sababu tezi za kwapa zilitolewa. Hayataisha kabisa, lakini yatapungua."

Akanifunga bendeji kutoka vidole mpaka begani. Nikalia. Alidhani ameikaza sana.

Kinachoniudhi ni kukatazwa kubeba mitungi ya maji. Mimi, ambaye nimebeba tangu utotoni!

Jioni Mutua akaiona bendeji. Nikamwambia yote, hata woga. Akasema, "Nilikuwa nauona ukivimba. Na mimi niliogopa kuuliza."