Shangazi Kashika Tama

Jumanne, 10 Machi 1998

Nimefika kwa shangazi Mwajabu, bondeni, chini ya Chumbi. Maji kila upande! Wakubwa zangu wa shirika la picha London wamenituma nipige picha za mafuriko. Nimepiga vita Monrovia, riadha Oslo, mavazi Dakar — nyumbani sijapiga hata harusi.

Shangazi yuko juu ya dungu lake, kibanda cha kulindia mpunga, nguzo zimezama majini, yeye anapika. Nikamuuliza haogopi? Akanishangaa. Maji ndiyo mbolea yake, kasema. Mpunga unarefuka nayo, na yakishuka atapanda mahindi kwenye tope. Adui ni viboko tu. Usiku tunapiga madebe wasije kuula, na ngazi inavutwa juu.

"Ngazi ikilala chini," kasema, "umemkaribisha kila apitaye."

Mtoto wa bonde hili mimi, lakini nilikuwa nimeshasahau.

Jumatano, 11 Machi

Shangazi anaumwa jino. Amekaa mlangoni mwa dungu, karafuu mdomoni, kiganja shavuni. Mwanga laini, maji yametulia. Nikapiga. Akanisuta: mtu anaumwa, wewe unachungulia!

Filamu kachukua Mashaka, kijana wa jirani, kwa mtumbwi wake, aipeleke kwenye basi la Dar. Ni picha nzuri.

Jumanne, 17 Machi

Ikwiriri. Nimepanga foleni ya simu, nimewapata London. Wana furaha mpaka nikaona haya. Picha ya shangazi imetoka ukurasa wa mbele, magazeti kadhaa. Mhariri akanisomea maelezo yake: mjane aliyepoteza kila kitu, anasubiri kuokolewa.

Mjane! Mzee Mtoro yuko Kibiti kwa binti yao, mzima, anakula na kusaza. Nikamwambia mhariri mama yule anaumwa jino. Kisha akacheka, akauliza nani atanunua gazeti kwa ajili ya jino.

Halafu akaja na la pili. Kazi ya kudumu Johannesburg, ile ninayoililia miaka yote hii ya kulala viwanja vya ndege, nitapewa. Nimpelekee tu picha ya mama yule akiokolewa.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nimenunua dawa ya jino na sukari.

Alhamisi, 19 Machi

Bado Ikwiriri. Gesti imejaa watu wa misaada. Nimekutana na Ebenezer, mtu wa Njombe, ndiye anayeongoza shirika lao hapa. Mpole, anasali kabla ya chai. Mfukoni ana gazeti lenye picha yangu, limekunjwa mpaka linachanika. Jumamosi wanawatoa watu wote wa madungu, wawapeleke kwenye mahema huko juu. Wa kwanza ni shangazi, maana ndiye anayejulikana.

Nikamweleza habari ya jino. Akaitazama picha tena.

"Dada Biasha," kasema, "mimi ni mtu wa milimani, lakini aliyeshika tama namna hii namjua. Ana msiba."

Boti, mafuta, mahema, vyote vimetoka kwa sababu ya picha ile.

Nimekosa raha. Dungu la shangazi likibaki tupu usiku mmoja tu, viboko watafagia shamba, na chakula chake cha mwaka ndicho hicho. Mwaka ule serikali ilipohamishia watu vijiji vya juu, walitolewa bondeni hivi hivi, kwa maji kama haya, kwa wema. Mimi nilikuwa mtoto mchanga, mgongoni mwa shangazi. Mpunga ukaliwa, na kurudi kukawa kazi ya miaka.

Jumamosi, 21 Machi

Naandika nikiwa juu ya dungu. Boti ya Ebenezer imefungwa kwenye nguzo, hapa chini.

Nimekuja nayo. Njiani aliniomba nipande kwanza nimbembeleze shangazi, halafu nishuke, nimpige picha akiteremka. Nikapanda. Begi la kamera nimeliacha kwenye boti.

Shangazi alikuwa anapepeta mchele. Jino limetulia, shavu limenywea. Nikamweleza yote, na ya Johannesburg pia. Hakusimamisha ungo.

"Umewaita wewe?"

Nikasema picha ndiyo iliyowaita.

"Na picha kaipiga nani?"

Akaendelea kupepeta. Baadaye akasema mimi ni mtu mzima, nina kazi yangu, naye ana yake. Akitolewa kwa nguvu atakwenda, hawezi kupigana na wanaume. Ila kwa miguu yake hateremki.

Nikaenda mlangoni, nikavuta ngazi juu. Ilikuwa nzito, imelowa, imenichubua kiganja. Shangazi akatazama. Akaongeza maji kwenye chungu.

Ebenezer ameita mara kadhaa. Hana hasira, maskini. Anasema jua bado zuri, ila halitangoji. Kweli, ni zuri sana: linampiga shangazi ubavuni, moshi unapanda nyuma yake. Picha ingekuwa kubwa kuliko ile ya kwanza.

Sasa shangazi anamteremshia wali kwa kamba, ndani ya kikapu, maana mgeni hakai njaa. Naye amepokea, ameshukuru, anakula huku ananitazama. Begi langu liko pembeni ya magoti yake. Anauliza alifunge kwenye kamba ya kikapu nilivute, au nashuka?

Ngazi nimeikalia.